Kisha Kupasuliwa Shingo: Kuchunga Vinundu Vyenye Vilibaki

Maneno yenye tulisema katika mukutano mukubwa wa chama chetu cha kusaidiana. Wandugu wenye walikuwa mashambani waliomba yaandikwe, basi tumeyaandika karibu namna yalivyosemwa.



Tulipoomba nafasi ya kuzungumza, wengine walifikiri tunakuja na kolera ao malaria kama kawaida. Hapana. Leo tunaongea juu ya shingo. Miezi hii tulikuwa tunapita nyumba kwa nyumba kwa kazi ya kuandika familia zenye zilirudi toka Tanzania, na tuliona jambo moja mara nyingi kuliko vile tulitazamia: wamama, na wababa wachache, wenye kovu hapa chini ya koo, limelala kama mukufu. Walipasuliwa rovu, ile yenye wengi tunaita gwatre. Wengine walipasuliwa wakati wa kambi, Lugufu ao Nyarugusu, wakapelekwa hospitali ya mbali. Wengine walipasuliwa huku kwetu kisha kurudi. Tukiwauliza, "Sasa unapimwa wapi?", jibu ni karibu moja: "Kupimwa nini tena? Walitoa, wakasema hakuna kansa, ikaisha."

Tena kuko wengine wenye wanaenda njia ya upande mwingine kabisa. Akigusa shingo na kupata kitu kama punje ya maharagwe, halali usiku. Anauza mbuzi, anaenda kwa mutu wa miti shamba kuchanjwa wembe juu ya kovu, ao anaomba apasuliwe mara ya pili haraka. Hawa wawili, mwenye kusahau na mwenye kuogopa, wanakosa kitu kimoja: hakuna mutu alikaa nao kuwaelezea kartasi yao inasema nini. Ile njo tunataka kufanya leo.

Tuanze na lile neno lenyewe. Mugonjwa mwenye alipasuliwa Tanzania iko na kartasi ya Kiingereza, na huku waganga wetu wanaandika Kifaransa. Kwa Kifaransa, kinundu chenye hakina kansa kinaitwa "bénin". Baba mumoja alituuliza kwa uchungu kwa nini wanataka kumutuma inchi ya Benin wakati hata pesa ya kufika Uvira hana. Tulicheka pamoja naye, lakini kumbe miaka yote alikuwa na kartasi yenye habari njema na akaiogopa. "Bénin" maana yake uvimbe ule hauingii ndani ya nyama za jirani na hautembei kwenda kwenye mapafu ao mifupa. Vinundu vingi vya shingo, zaidi ya 9 kati ya 10, viko vya namna hiyo. Na vinundu vyenyewe si kitu cha ajabu: ukipitisha ekografi kwa wamama wazima wenye hawaumwi chochote, utakuta wengi wako navyo bila kujua.

Sasa sikilizeni vizuri, sababu hapa ndipo watu wengi wanapotea. Ile kartasi ya maabara inaongea juu ya nyama yenye ilitolewa. Walikata kipande, wakakitazama kwa mikroskopu, wakasema kipande hiki hakina kansa. Juu ya nyama yenye ilibaki shingoni haisemi kitu. Kwa hiyo swali la kwanza la kila mutu mwenye kovu ni hili: walinitoa kiasi gani?

Tezi ya shingo, ile tiroidi, iko kama kipepeo mwenye amekaa mbele ya koo, bawa moja kuume na moja kushoto. Muganga anaweza kutoa bawa moja tu. Anaweza kutoa sehemu kubwa ya mabawa yote mawili na kuacha kipande kidogo, na zamani ilifanywa hivyo sana. Ao anaweza kutoa yote. Mwenye walitoa yote, kwenye kartasi yake kuko neno "total" ao "totale", neno lenye bahati nzuri linafanana kwa lugha zote mbili. Mwenye bawa moja, mutaona "lobectomie" ao neno lenye kufanana nalo. Kama kartasi ilipotea njiani, ao ilichomeka na nyumba, msikate tamaa: ekografi inaweza kuonyesha kama kuko nyama ingali, na ni ngapi.

Mwenye iko na nyama yenye ilibaki anaweza kupata vinundu tena, ao vile vidogo vyenye viliachwa vinaweza kukua. Haifanyiki kesho. Inaweza kuchukua miaka 10, hata 20. Mama mwenye alipasuliwa katikati ya miaka ya kambi na akarudi kwa mashua toka Kigoma, leo ndiyo wakati wake wa kutazamwa, si wakati wa kusema ni mambo ya zamani.

Kwa nini vinarudi? Kwa sehemu ni damu ya familia. Kuko nyumba zenye bibi, mama na binti wote walipata rovu. Lakini sehemu kubwa huku kwetu ni chakula. Tezi inatengeneza kazi yake kwa iodi, na milima yetu ya mashariki mvua imeiosha iodi tangu zamani. Samaki wa maziwa yetu ni chakula kizuri, lakini hawana iodi kama wale wa bahari. Juu ya kisiwa cha Idjwi, kule Ziwa Kivu, watafiti walifanya kazi miaka mingi tangu miaka ya 1960, na walikuta kitu cha kushangaza: iodi ilikuwa kidogo kisiwa chote, lakini rovu ilikuwa nyingi sana upande wa kaskazini kuliko upande wa kusini. Mihogo ndiyo ilisaidia kueleza tofauti hiyo. Muhogo wenye haukulowekwa vizuri unabakiza sumu, na mwili ukiigeuza ile sumu, kile kinachotoka kinazuia iodi kuingia kwenye tezi. Mutu mwenye iodi kidogo na muhogo mubaya anapigwa mara mbili.

Wamama, munajua kuliko sisi: muhogo muchungu unataka siku 3 ndani ya maji, kisha jua. Wakati wa kukimbia tulikuwa tunaloweka usiku mumoja na kusaga, sababu njaa haingoji. Hatulaumu mutu. Lakini sasa tuko nyumbani, turudishe zile siku 3. Sombe nalo litwangwe na kuchemuka vizuri. Na chumvi iwe ile yenye iodi, ikae ndani ya chombo chenye kufunikwa, mbali na jua na moshi, na itiwe chakula kikikaribia kuiva. Mutu muzima anahitaji iodi mikrogramu 150 kwa siku, na mama mwenye mimba ao mwenye kunyonyesha 250. Kidogo sana, hauwezi hata kuiona kwa macho. Ni kwa sababu hiyo chumvi inatosha, na ile habari ya kununua matone ya iodi sokoni na kunywa ni hatari. Tezi yenye vinundu vya zamani ikipewa iodi nyingi kwa ghafula inaweza kuanza kutumika kupita kiasi: moyo unakimbia, mikono inatetemeka, mutu anakonda. Tafazali, musinywe.

Sasa tuje kwenye kupima. Kuko vipimo viwili vyenye tutaongea, cha damu na ekografi, na havifanyi kazi moja.

Cha damu kinaitwa TSH. Hiki kinawachanganya watu sana, sababu kinasomwa kinyume. TSH haitoki kwenye tezi ya shingo. Inatoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, yenye inafanya kazi ya kapita: ikiona tezi ya shingo inafanya uvivu, inapaza sauti, ikiona inafanya kupita kiasi, inanyamaza. Kwa hiyo TSH ikipanda juu, maana yake mwili unakosa nguvu ya tezi. Ikishuka sana, nguvu imezidi. Mara nyingi kartasi inaandika kwamba kati ya 0,4 na 4 ni sawa, lakini kila labo iko na mipaka yake kidogo, muitazame pembeni ya jibu. Tulikutana na kijana mwenye alimupongeza mama yake kwa kuwa TSH ilikuwa juu sana. Alifikiri ni kama matokeo ya mutihani.

Mwenye walitoa tezi yote hana tena kiwanda. Huyu anahitaji dawa ya levotiroksini kila siku, maisha yote. Siyo antibiotiki yenye unamaliza na kuacha. Tuseme wazi sababu tumeona: mama mumoja wa mutaa wetu aliacha kwa kuwa vidonge viliisha na akajisikia vizuri. Wiki ya kwanza, vizuri. Wiki ya pili, vizuri. Ni kweli, sababu dawa hii inatoka mwilini polepole, kila siku 7 inabaki karibu nusu. Kisha akaanza kuona baridi wakati wengine wanatoka jasho. Uso ukavimba, sauti ikawa nzito, choo kikawa kigumu, akawa mutu wa kulala na kusahau sufuria juu ya moto. Familia ikaanza kusema alirogwa, na mukamwana wake ndiye alitajwa. Nyumba ilikuwa karibu kuvunjika. Kipimo kimoja cha damu kilionyesha ni nini. Kisha miezi michache ya kidonge chake alirudi kuuza samaki, na yule mukamwana iko anamukumbusha dawa asubuhi.

Kidonge kinamezwa asubuhi kwa maji tu, tumbo likiwa tupu, halafu mutu angoje nusu saa ao saa moja mbele ya chai na uji. Wale wenye kumeza vidonge vya damu, vile vya fer, ao kalsiamu, wapishe saa 4 katikati, sababu vinashikana tumboni na levotiroksini haiingii. Dozi ikibadilishwa, damu inapimwa kisha wiki 6 mpaka 8, siyo wiki ijayo, vinginevyo ni kutupa pesa. Dozi ikishatulia, mara moja kwa mwaka inatosha kwa wengi. Binti ao mama mwenye anameza dawa hii na akajua iko na mimba, afike santre ya afya siku zilezile, asingoje tumbo lionekane: mara nyingi dozi inapaswa kuongezwa mapema, na mutoto ndani ya tumbo anaihitaji kwa ajili ya ubongo wake. Musigawanye vidonge na jirani. Tunajua ni roho nzuri, lakini kidonge cha dozi ya mutu mwingine kinaweza kusumbua moyo.

Na wale wa bawa moja? Wengi wao, bawa lenye lilibaki linafanya kazi yote peke yake. Lakini karibu mumoja kati ya 5 TSH yake inapanda, na mara nyingi ni katika mwaka wa kwanza. Apimwe. Ikiwa TSH ni sawa, hahitaji kidonge. Hapa kuko jambo la kueleza, sababu wazee wengine walipewa zamani levotiroksini ili "kukausha" kinundu kilichobaki. Ilikuwa desturi ya waganga inchi nyingi. Leo wataalamu hawaishauri kwa kawaida, sababu faida ni ndogo na kwa mutu mwenye umri mukubwa dozi kubwa inaharibu mapigo ya moyo na kulegeza mifupa. Mwenye anameza kwa sababu hiyo asiache mwenyewe leo jioni akirudi nyumbani. Aende na kartasi kwa muganga, waongee.

Ekografi sasa. Ile mashine ya kutazama mutoto tumboni, ndiyo hiyohiyo, inapitishwa shingoni kwa kichwa kidogo. Haiumi, haina mionzi. Kwa mwenye nyama ilibaki, ya kwanza ifanywe miezi 6 mpaka 12 kisha kupasuliwa, halafu kila mwaka ao kila miaka 2, na kama vinundu vimetulia muganga anaweza kuongeza muda. Mwenye alipita miaka 15 bila hata moja, afanye moja sasa, iwe ndiyo mwanzo wa kuhesabu.

Kinundu kinapimwa kwa milimita, na namba moja peke yake haisemi mengi. Namba mbili zenye zimepishana mwaka ndizo zinaongea. Kinundu kilikuwa 10, leo ni 11: hicho hakijakua, mukono wa mupimaji tu unaweza kuleta tofauti hiyo. Kilikuwa 10 kwa 8, leo ni 13 kwa 10: hicho kimekua, sababu wanahesabu kukua pale pande mbili zimeongezeka angalau sehemu 20 kwa 100 na si chini ya milimita 2. Na hata kukua si kansa. Vinundu vizuri navyo vinakua. Ndiyo maana muganga anatazama pia sura: je, ni cheusi sana kwenye picha, kingo zake zimevunjikavunjika, kimesimama kirefu kuliko upana, kiko na vichanga vyeupe ndani? Hapo anaweza kuomba sindano nyembamba ivute chembe kidogo za kutazamwa kwa mikroskopu. Sindano hiyo haiamshi kansa. Tumesikia maneno hayo sokoni, hayana ukweli.

Kwa hiyo muchunge kartasi za ekografi kuliko munavyochunga kartasi za kura. Bila ile ya mwaka jana, ya mwaka huu inakuwa kipofu.

Tumeulizwa: kwa nini wasipasue tu tena, iishe? Kupasua mara ya pili ni kugumu kuliko mara ya kwanza. Kovu la ndani limeshikanisha kila kitu, na ndani ya kovu lile kuko mushipa wa sauti na tezi 4 ndogo kama punje za muchele zenye zinachunga kalsiamu ya damu. Mushipa ukiguswa, sauti inakauka, na kwa mwalimu, muhubiri ao mama wa soko sauti ni kazi yake. Zile punje zikiharibika, mutu anasikia sindano-sindano kando ya midomo na vidoleni, na mikono inakazana. Kuko wenye wanasikia hivyo tangu upasuaji wa kwanza na wanafikiri ni uchovu. Si uchovu. Waseme, wapimwe kalsiamu. Iko na dawa, na ikiachwa inaweza kuleta kifafa. Kupasua tena kuko na nafasi yake: kinundu kikifinya koo ao njia ya hewa, ao sindano ikileta jibu la mashaka. Si kwa sababu ya punje moja yenye imetulia miaka 3.

Dalili zenye hazingoji tarehe ya kupima ni hizi: uvimbe wenye unakua kwa wiki chache, tena mugumu kama jiwe na hausogei, sauti yenye imekwaruza zaidi ya wiki 3 bila mafua, bugali unakwama kooni, mitoki upande wa shingo, kukohoa damu. Na mutu mwenye anapiga mluzi kooni akivuta hewa, ao hawezi kulala chali, huyo anaondoka siku ileile, hata kama ni kwa pikipiki ya deni.

Tumefika kwenye jambo la kasha. Sisi ni watumishi wa shirika tu, hata kama wengine kati yetu tulisoma darasa la kwanza ndani ya kambi ile yenu. Pesa ni yenu na mutaamua ninyi. Mawazo yetu ni haya. Kasha isianze kulipia kila mutu kila kipimo, itakufa mbele ya mwezi wa tatu. Wale wenye walitolewa yote, kasha isaidie kwanza kipimo cha TSH mara moja kwa mwaka na akiba ya vidonge vya miezi 3, sababu barabara inafungwa bila kutuambia na wao ndio hawawezi kukaa bila dawa. Wale wenye nyama ilibaki, isaidie ekografi ya kwanza, na TSH moja pamoja nayo. Kusafiri kwa kundi, watu 5 ao 6 siku moja, kunapunguza nauli, na mwenye anajua Kifaransa cha hospitali anawasindikiza wengine.

Muzee mumoja alisema tulipoongea na kamati: kwa nini watu 100 walipie shingo za watu 12? Ni swali la haki, hatulikimbii. Tulimujibu kwamba kasha hii inanunua sanduku la maiti bila mutu kuuliza marehemu alikuwa wa mutaa gani, na bei ya sanduku moja inalipa vidonge vya mutu kwa muda mrefu. Yeye hakukubali papo hapo. Alisema atafikiri, na ni vizuri afikiri, sababu wengine watakuja na sukari na presha, na mutapaswa kuwa na jibu lenye linasimama kwa wote.

Kwa mukutano ujao, kila mwenye kovu alete kartasi zote za hospitali, za Kiingereza na za Kifaransa, hata zenye zimepasuka. Tutazipiga picha kwa simu, mumoja mumoja, na kuandika ndani ya kayee yake: mwaka alipasuliwa, walitoa kiasi gani, TSH ya mwisho, ekografi ya mwisho na milimita zake. Mwenye hana kartasi hata moja aje vilevile, tutaandika yale anakumbuka. Mwenye kumeza vidonge alete boksi lake, tutazame tarehe na dozi. Tutaanza saa 2 asubuhi, na mwenye bado hajameza kidonge chake siku hiyo asingoje kutuonyesha kwanza, ameze nyumbani.